Dishi la Mpakani

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo kikuu ilikuwa kusogeza milima. Ndivyo nilivyomweleza nyanya yangu, ambaye nyumbani sote tunamwita Cucu, alipouliza ni kazi gani hiyo inayomfanya kijana mzima akae kwenye kiti mjini Nyeri kutwa nzima. Akacheka, akasema Biblia inadai imani ndogo tu kama punje ya haradali, na mimi sijawahi kuwa nayo hata hiyo.

"Sasa unaisogeza na nini, mume wangu?"

Ananiita mume wake kwa sababu nina jina la marehemu babu. Mama yangu hakuolewa, kwa hivyo jina la baba yake likaniangukia mimi, na kwetu anayepewa jina hupewa na heshima yake pamoja na lawama zake. Nikikataa chakula, Cucu husema hata babu alikuwa hivyo hivyo. Ni vigumu kubishana na mtu anayekuita mume wake, na mimi hubishana na kila mtu.

"Kwa kompyuta," nilimwambia.

"Haya. Ukiisogeza, usiiache hapa kwangu."

Tulikuwa watu watatu katika chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo, kwa hiyo shati langu lilinuka dawa ya kupe hata siku ambazo sikuwa karibu na ng'ombe. Mradi wetu ulihusu miteremko ya chai. Kuna setilaiti zinazopita juu yetu zikituma mawimbi ya rada na kusikiliza yanavyorudi. Rada haijali mawingu, na huku kwetu, ambako mlima hujifunika uso siku nyingi kuliko unavyoufunua, hilo si jambo dogo. Ukilinganisha picha ya sasa na ya mwezi uliopita, unaweza kujua kama mteremko umeanza kuteleza, hata ukiwa umeteleza upana wa kidole tu, kabla mwenye shamba hajaona ufa wowote.

Tatizo ni kwamba rada huangalia kwa upande. Kilele hurudisha mwangwi mapema kuliko bonde, na kwenye picha mlima huonekana umeinama, kama mtu anayesogeza sikio asikie vizuri. Picha kama hiyo ukiiweka juu ya ramani inaweza kukaa mahali pasipo pake. Kwenye uwanda mpana kosa hilo halimuumizi mtu. Kwenye migongo ya vilima vya Othaya, ambako jirani anaweza kukuomba chumvi bila kutoka mlangoni pake, kosa hilo linaweza kuitoa hatari kwenye nyumba moja na kuiweka kwenye nyumba nyingine.

Kwa hivyo tulikuwa tunafundisha mtandao wa neva, yaani programu isiyopewa kanuni bali mifano, ikajifunza kama mtoto anavyojifunza kutofautisha mbuzi na kondoo, kwa kuonyeshwa wengi. Mimi nilichukua picha zilizokaa sawa, nikazisogeza makusudi, hii kidogo kushoto, hii kidogo juu, kisha nikaiambia programu: hii imehama, hii haijahama. Baada ya picha nyingi mno ikaanza kuzitambua zilizohama yenyewe. Hakuna yeyote kati yetu aliyeweza kueleza ilikuwa ikiona nini.

Hilo lilinikera tangu mwanzo. "Inajuaje?" nilimwuliza mkuu wangu, mama mmoja aliyepima ardhi kwa miguu miaka mingi kabla ya kuhamia kwenye kompyuta.

"Wewe unamjuaje mama yako ukimwona sokoni?"

"Naweza kukosea, akiwa mbali."

"Hata hii inaweza. Ndiyo maana tuna madishi."

Dishi lilikuwa jina la wanakijiji, nasi tukalizoea. Ni vipande vitatu vya bati vilivyounganishwa kama pembe ya ndani ya sanduku, vikasimamishwa kwenye saruji, mdomo ukielekezwa upande ambao setilaiti hupita. Wimbi likiingia humo hurudi moja kwa moja lilikotoka, na kwenye picha hutokea nukta nyeupe inayong'aa. Mahali lilipo dishi tumepima vizuri. Nukta isipoangukia hapo kwenye ramani, basi picha imehama, na programu huivuta mpaka nukta ikae juu ya dishi.

Mkuu alipotafuta mahali pa kusimika dishi kwenye mgongo wa kwetu, alianza na jirani ya Cucu. Ni mzee aliyekuwa karani kwenye kituo cha kununulia majani chai, na ingawa alistaafu zamani, kijiji kizima bado kinamwita Karani. Alikataa. Kitu kinachosimikwa kwa saruji hakiondoki, alisema, na miaka ikipita huja mtu na karatasi akasema hapo ni pake. Cucu akakubali, nadhani kwa sababu Karani amekataa. Wawili hao wamegombania mpaka tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Mpaka wenyewe ni safu ya matoka, yale maua ambayo watu wetu wamekuwa wakiyapanda kama alama tangu zamani, na ugomvi ni kama safu hiyo imekuwa ikitambaa. Kila upande unaamini inatambaa kuja kwake. Niliwahi kuuliza kwa nini wasimwite mpima ardhi. Nikaambiwa mpima ardhi ni mtu, na mtu hununulika.

Ramani ya kwanza ya mgongo ule ilitoka mvua ndefu zikiwa zimekaribia. Doa jekundu, maana yake ardhi inayotembea, lilikuwa juu ya nyumba ya Cucu. Halikuwa kando yake. Lilikuwa limeifunika pamoja na jiko na zizi. Mkuu aliipeleka kwa chifu kama alivyotakiwa, na chifu akatuma neno kwamba walio ndani ya doa wahame kabla ya mvua. Aliyekuwa ndani ya doa alikuwa Cucu peke yake.

Nilipanda kwenda kumwambia mimi mwenyewe, Jumamosi. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda akichambua maharagwe. Nyumbani tunaongea Kikuyu. Nayaweka hapa kwa Kiswahili.

"Nani amesema?"

"Picha, Cucu."

"Picha imeniona?"

"Imeona ardhi. Inashuka, kidogo kidogo."

"Mimi ninaikanyaga kila asubuhi. Kama inatembea, si ningekuwa nimeshafika Othaya bila nauli?"

Nikamwambia mama ana nyumba Gatitu, karibu na mjini Nyeri, vyumba viwili na uwanja mdogo, akae nasi mpaka mvua ziishe. Akauliza ng'ombe atalala na nani, au nitampisha kitandani. Halafu akaacha mzaha. Aliingia kwenye boma hilo akiwa bi harusi, akasema, akamzika babu hapo nyuma ya migomba, na hatatolewa na picha iliyopigwa na kitu ambacho hata hakimjui. "Waambie waje na jeneza kabisa. Iwe safari moja."

Nilishuka nikiwa na hofu ambayo sikuweza kuipanga. Kama ramani ni ya kweli, Cucu angefunikwa pamoja na nyumba yake. Kama si ya kweli, tungekuwa tumemng'oa bure, na mwanamke wa umri ule haoti upya mahali pengine kwa urahisi. Kulikuwa pia na uwezekano wa tatu, ambao niliuzunguka kwa siku kadhaa bila kuugusa: kwamba ardhi inatembea kweli, ila si hapo.

Nilirudi kwenye kompyuta. Programu ilisema picha ya mgongo wetu ilikuwa imehama na ikabidi ivutwe. Lakini kuhusu picha hiyo hiyo, kwenye mgongo wa pili na wa tatu, ilisema haikuhama. Picha ni moja. Inakuwaje ihame katikati na ibaki pembeni, kama shuka linalovutwa na mtu mmoja kitandani? Nilimwonyesha mkuu. Alisema miteremko hutofautiana, rada hucheza michezo milimani, tumeona mambo ya ajabu zaidi.

"Lakini hatujui kwa nini imesema hivyo," nilisema.

"Hatujui kwa nini imesema lolote. Nyumba ingekuwa ya mtu mwingine, ungeuliza?"

Nimejivunia kuhoji tangu nikiwa mdogo, nilihoji ubatizo, nikahoji wahadhiri, nikahoji hata methali za wazee, lakini sikuwa nimewahi kuuliza shaka yangu inatoka wapi. Sasa nilikuwa nimeipata shaka iliyonifaa mimi na damu yangu. Shaka ya namna hiyo ina tofauti gani na imani?

Jumamosi iliyofuata nilipanda tena, safari hii kwenda kuliangalia dishi lenyewe.

Lilikuwa zuri. Limeoshwa, limepigwa rangi ya fedha miguuni, na saruji yake ilikuwa mpya. Halikuwa pale tulipolisimika. Lilikuwa hatua chache kando, katikati kabisa ya safu ya matoka, na maua mawili machanga yalikuwa yamepandwa kulizunguka. Mdomo wake ulikuwa umeelekezwa barabarani.

"Nani amegeuza dishi?" nilimwuliza Cucu.

"Halikugeuzwa. Lilipatanishwa."

Akanieleza kwa furaha, kama mtu anayesimulia harusi. Tulipoondoka siku ile ya kulisimika, Karani alilalamika kwamba kitu kile kiko upande wa Cucu na kimeachama kuelekea kwake, kinachungulia boma lake mchana na usiku. Cucu akamjibu kwamba hata kuku wake wanachungulia. Maneno yakawa mengi. Wazee wa kijiji wakaja pamoja na mzee wa kanisa, wakanywa chai, wakazunguka lile bati, wakasikiliza pande zote mbili. Mwisho wakaamua lisimame juu ya mpaka wenyewe, lisiwe la yeyote, na liangalie barabara, kwa sababu barabara ni ya wote. Fundi akaitwa. Wakaomba. Karani akamsalimia Cucu kwa mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi ya babu.

"Na hamkutuambia?"

"Jambo limeisha vizuri. Nani hupeleka ripoti ya jambo lililoisha vizuri?"

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Dishi lililoangalia barabara halikuwa likiiona setilaiti hata kidogo. Halikuwa na mwangwi wa kurudisha. Lakini kwenye picha nukta ilikuwepo, nimeiona kwa macho yangu, nyeupe na kali. Ilikuwa ya nini?

Niligeuka nikaangalia upande ambao dishi lilipaswa kuangalia, na sikuhitaji kutafuta. Karani alikuwa amejenga zizi jipya la ng'ombe, sakafu ya saruji, ukuta wa mawe ya kuchonga na bati jipya linalokutoa machozi ukiliangalia. Sakafu, ukuta na ukuta: pembe ya ndani ya sanduku, kubwa kuliko dishi letu. Programu ilitafuta nukta, ikaipata kwenye zizi, ikaamini ni dishi, ikaona haijakaa mahali pake, ikaivuta picha ya mgongo ule mpaka zizi la Karani likae pale tulipokuwa tumelisimika dishi, upande wa Cucu. Na chochote kilichokuwa chini ya nyumba ya Karani kikavutwa pamoja nayo, kikatua juu ya nyumba ya Cucu.

Tuliifundisha kuitilia shaka picha. Hatukuifundisha kulitilia shaka dishi.

Karani alitokea nyuma ya zizi na ndoo mkononi. "Umekuja kuwahesabu ng'ombe wangu?"

"Naangalia ukuta, Mzee."

"Huo ukuta uko ndani ya mpaka."

"Sijasema hauko."

"Husemi. Lakini unaangalia vile babu yako alikuwa akiangalia." Akaweka ndoo chini. "Nasikia mashine yenu imemfukuza nyanya yako."

"Inawezekana imekosea."

"Ati imekosea. Mmeipeleka shule yote hiyo na bado inakosea, na mimi mwenye darasa la saba napima maziwa bila kumwaga." Hakuwa na ubaya aliposema. Nilidhani hata alikuwa ananionea huruma kidogo. Alinikaribisha chai, nami nikakataa, kwa sababu sikujua ningekaaje jikoni mwake nikijua nilichojua.

Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo doa linatoka kwa nyanya yako linaenda kwa mtu aliyegombana naye maisha yote."

"Silipeleki mimi."

"Najua. Sikia tu linavyosikika."

Aliniondoa kwenye kazi hiyo papo hapo, na ingawa niliona sawa, nilikasirika. Akampa mwenzetu wa tatu picha zote zikiwa zimefutwa majina, afanye upya bila kujua nyumba ipi ni ya nani. Lakini kwanza dishi lilipaswa kuiangalia setilaiti tena, na kwa hilo ilibidi wazee wakae upya. Walikaa. Wakanywa chai tena. Mkuu aliwaeleza kwa upole, nao wakakubali kwa sharti: ligeuzwe siku ambayo setilaiti inapita tu, kisha lirudishwe kuangalia barabara. Amani ya mpaka, walisema, imechukua miaka mingi kuliko hiyo setilaiti yenu.

Ikawa hivyo. Tulipima upya mahali liliposimama, fundi akaligeuza asubuhi, akalirudisha jioni. Kwenye picha zikaonekana nukta mbili mahali ambapo zamani ilikuwa moja, ya dishi mpakani na ya zizi kando yake. Picha haikuwa imehama kabisa. Ilikuwa imekaa sawa tangu mwanzo, na sisi ndio tulioihamisha. Mwenzetu alipomaliza, mkuu akaniita nione. Doa jekundu lilikuwa juu ya nyumba ya Karani, likipanda mpaka nyuma ya jiko lake. Lilikuwa limeishia kabla ya matoka. Upande wa Cucu ardhi ilikuwa imetulia.

Nilifurahi. Kisha nikaliangalia doa lenyewe, ambalo halikuwa limepungua hata kidogo, na nikakumbuka kwamba Karani ana mke mwenye magoti mabovu na wajukuu wawili wanaolala chumba cha nyuma, upande wa mteremko.

Chifu aliitisha mkutano kwenye kituo cha majani chai, watu wakiwa wamemaliza kupima. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka juu ya mabati na kila mtu alikuwa na koti. Mkuu alieleza kosa lilivyotokea, bila kumlaumu yeyote, akaomba radhi mbele ya Cucu, akamgeukia Karani na kumwambia kwamba sasa ni yeye.

Karani alisimama taratibu. Alikuwa amezoea kusimama mahali pale, kwa kuwa miaka yote alisoma mizani papo hapo, na watu wakanyamaza kama walivyokuwa wakinyamaza zamani.

"Mwezi uliopita hatari ilikuwa kwa huyu mama," alisema. "Leo iko kwangu. Mwezi ujao itakuwa wapi? Kanisani?"

Watu wakacheka.

"Mimi sina shida na mashine. Lakini ilipokuwa kwa huyu mama, mjukuu wake akapanda huku, akazunguka zunguka kwa zizi yangu. Siku chache hivi, hatari ikaruka mpaka. Matoka yenyewe hayajawahi kuruka hivyo."

Wakacheka zaidi. Nilisimama nikasema si mimi niliyetengeneza ramani ya pili, kwamba niliondolewa, kwamba aliyeifanya hakujua majina. Kila nilichosema kilikuwa kweli na kila kimoja kilisikika kama uongo uliopangwa vizuri. Karani aliniacha nimalize.

"Kijana, nilikupa peremende hapa hapa ukiwa huwezi kufika kwa mizani. Sikuiti mwongo. Lakini wewe mwenyewe, ungekuwa mimi, ungeamini?"

Nilijua jibu. Ningekuwa yeye nisingeamini. Ningeuliza maswali yale yale, pengine kwa ukali zaidi.

"Basi niseme hivi," Karani aliendelea. "Mlimwambia huyu mama ahame, akakataa. Na alikuwa na haki. Sasa mnaniambia mimi. Siku nitakayoona moshi hautoki kwa jiko yake, nami nitahama. Akikaa, nakaa. Tuone hiyo ardhi inamjua nani."

Wengine walidhani ni mzaha. Mimi nilimwangalia Cucu, ambaye alikuwa amekaa kwenye kikapu kilichogeuzwa, amefunga shuka mpaka kidevuni. Nyumba yake ilikuwa imetangazwa salama mbele ya kijiji kizima. Hakuna aliyekuwa na haki ya kumwomba chochote, na mimi niliogopa kwamba mtu angemwomba, na niliogopa zaidi kwamba hakuna ambaye angemwomba.

Hakusimama. "Unataka nikufungulie njia kama mchungaji, wewe mwanaume mzima?"

"Nataka twende sawa, Mama."

"Lini tumeenda sawa?"

"Siku ya dishi."

Cucu akaangalia chini, akakung'uta jani la chai lililokuwa limenasa kwenye sketi yake. "Huyu akifunikwa na udongo," alisema, si kwa Karani bali kwa wanawake waliokuwa karibu naye, "nani atapika chai ya matanga? Si mimi jirani? Na nyinyi mtakunywa huku mkiniangalia hivi, mkisema nilimwombea mabaya." Akashika mkono wa mwanamke mmoja, akajiinua. "Nahama Jumatatu. Mke wake asikose kufunga zile sufuria vizuri. Huwa anafunga ovyo."

Usiku huo Cucu hakuniita mume wake. Alizunguka nyumba akigusa vitu, na nilipojaribu kumweleza kwamba ni kwa muda tu, aliniuliza swali moja. "Hiyo mashine ilipokosea, ilijua imekosea?"

"Haikujua."

"Na sasa, ikiwa sawa, inajua iko sawa?"

"Hapana, Cucu. Haijui."

"Kwa hiyo ni sisi tu tunaojua," alisema, akaenda kulala.

Sasa tuko Gatitu. Mvua ndefu zilikuja na kuondoka. Ng'ombe wa Cucu yuko kwa binamu yangu, chai yake inachumwa na mtu wa kulipwa ambaye anaacha majani mazuri, na yeye hukaa kibarazani kwa mama akiangalia malori na bodaboda zikipita kana kwamba kila moja imemkosea. Hapendi mkate wetu. Hapendi kusikia majirani kupitia ukutani. Mguu wake mmoja umeanza kuvimba, na daktari anasema ni kukaa sana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake.

Nyumba ya Karani haijaanguka. Wakati wa mvua ardhi chini yake ilisogea zaidi kuliko mwanzo, kisha ikapunguza mwendo, lakini haijasimama. Ufa ulitokea kwenye sakafu ya zizi, mwembamba, na kijijini wapo wanaosema ni fundi aliyechanganya saruji vibaya. Nami siwezi kuapa kwamba siye. Kuna siku, nikiwa peke yangu mbele ya kompyuta, hujikuta nikingoja ule mteremko uporomoke ili niwe nimesema kweli. Nyumba ni tupu, najiambia, hakuna atakayeumia. Lakini nikilifikiri vizuri wazo hilo linanitisha, na huwa nainuka nikatoka nje.

Karani na familia yake wako Karatina kwa shemeji yake. Hawapendi huko pia. Kila baada ya siku kadhaa hupiga simu, na Cucu huniambia niweke sauti ya nje kwa sababu hapendi kubandika simu sikioni.

Jana alipiga tukiwa tunamenya viazi.

"Mama, bado uko Gatitu?"

"Niko."

"Nimeambiwa juzi kulikuwa na mtu kwa nyumba yako. Amefungua dirisha."

"Ni binti yangu. Alienda kuingiza hewa. Amelifunga."

"Kwa hivyo hujarudi."

"Sijarudi."

Nyuma ya Karani watoto walikuwa wakigombania kitu. "Hawa watoto wameshikwa na kikohozi huku," alisema. "Mama yao anauliza kama tunaweza kurudi, hata wiki moja tu, kiangazi hiki. Mimi nimesema wewe ukirudi nitajua ni sawa."

Cucu alinitazama. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemwambia kuhusu picha mpya. Upande wake ardhi imetulia kabisa; upande wa Karani bado inatembea. Angeweza kulala kwake usiku huo huo, na nilikuwa nimeona jinsi alivyoyapokea maneno hayo, jinsi mikono yake ilivyotafuta kitu cha kushika.

Aliweka kisu kwenye sinia.

"Karani, mimi napapenda Gatitu," alisema. "Kuna stima, kuna maji kwa mfereji. Sirudi karibuni. Wape hao watoto tangawizi na asali."

Karani alicheka, akasema hakujua kuwa mji humbadilisha mtu haraka hivyo, akaaga. Cucu alinyoosha mkono, akachukua kiazi nilichokuwa nimekimenya, akakigeuza, akaanza kukimenya upya mahali nilipoacha maganda.